Mama Pacha, futi yangu na sidiria namba 38

Mama Pacha hakuja mazoezini Jumamosi ile, wala iliyofuata. Ya tatu nikajua kwamba hapa hakuna mafua wala mgonjwa nyumbani. Nilikuwa nimemfukuza mimi, tena kwa sentensi moja niliyoisema huku nacheka.

Kikundi chetu cha jogingi hukutana saa kumi na moja na nusu alfajiri karibu na Uwanja wa Nangwanda Sijaona, hapa Mtwara. Tunatoka mdogo mdogo kuelekea Shangani, tukifika ufukweni tunanyoosha viungo, tunapoza koo, tunarudi. Tuko ishirini na kitu, wanawake wengi kuliko wanaume, kuanzia wasichana wa chuo hadi mama mmoja mstaafu anayetuacha wote vumbini. Mama Pacha (simtaji jina, na ruhusa ya kuandika haya kanipa mwenyewe) alikuwa na wiki mbili tu kikundini. Alikuwa akikimbia mkono mmoja kaukunja kifuani, kama mtu aliyebeba kuku ndani ya dira anaogopa asimtoroke. Mwanamke yeyote aliyewahi kukimbia anaujua mkono ule. Tulipokaa mchangani kunywa maji, nikamrushia kwa sauti yangu hii ya sokoni: "Shoga, tafuta brazia ya maana, hicho kifua utakiua!"

Watu wakacheka. Wanaume wawili wakajifanya wanaangalia mitumbwi. Mama Pacha naye akacheka, ndiyo maana sikushtuka. Nilipaswa kushtuka. Mwanamke akichekwa hadharani hucheka na wenzake, kilio chake anakwenda nacho nyumbani.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda karibu na Soko Kuu, mwaka wa kumi na nne huu, na watu wanavua mbele yangu kila siku. Kwangu kifua ni namba ninayoiandika kwenye daftari kati ya bega na kiuno, basi. Nilichosahau siku ile ni kwamba kule kibandani kuna pazia. Ni kitambaa cha zambarau kilichopauka, kimeshikwa na kamba na misumari miwili, na nikikitazama hakina hadhi yoyote. Lakini nyuma ya kitambaa kile mtu anaweza kuambiwa kiuno kimeongezeka inchi tatu akakubali, akacheka kweli. Pale Shangani nilimpima mwenzangu mbele za watu.

Usiku wa ile Jumamosi ya tatu nikaingia kwenye simu kusoma. Niseme ukweli, sikuwa natafuta elimu. Nilikuwa natafuta ushahidi kwamba nilikuwa sahihi, ili nisijione mbaya. Na kwa upande wa hoja nilikuwa sahihi. Titi halina msuli ndani yake. Misuli iko nyuma yake, ukutani mwa kifua. Kinacholishikilia titi lenyewe ni ngozi na nyuzi nyembamba ambazo daktari mpasuaji wa Uingereza, Astley Cooper, alizieleza katika kitabu chake cha 1840, na hadi leo zinaitwa kwa jina lake. Ndiyo maana mtu hawezi kupiga pushapu mpaka akaacha kuhitaji sidiria. Ukikimbia, titi halipandi na kushuka tu, linakwenda pia kulia na kushoto, mbele na nyuma, yote kwa pamoja, na kadiri lilivyo zito ndivyo zile nyuzi na ngozi zinavyovutwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Portsmouth waliwauliza wanawake waliokimbia London Marathon ya 2012 kuhusu maumivu ya matiti, na karibu theluthi moja wakasema wanayo. Hao ni watu wa kilomita 42, wenye maduka ya vifaa kila mtaa. Sembuse sisi.

Kisha nikakutana na habari ya sidiria ya michezo ilikotoka, na hapo ufundi ukanipanda nikasahau ugomvi wangu na nafsi. Mwaka 1977, mji wa Burlington, jimbo la Vermont, Marekani, mwanamke anaitwa Lisa Lindahl alikuwa ameanza kukimbia na anaumia kama tunavyoumia. Mumewe, kwa utani, akachukua kile kivazi cha ndani cha wanamichezo wa kiume cha kushikilia sehemu zao, akakivaa kifuani akishuka nacho ngazi. Wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Rafiki yake Polly Smith, mshonaji wa mavazi ya tamthilia, akachukua vivazi viwili vya namna hiyo akaviunganisha kwa sindano, na pamoja na Hinda Miller wakatengeneza sidiria ya kwanza ya kukimbilia. Mikanda ya begani waliipitisha ikakutana mgongoni isiteleze, na mishono wakaigeuza nje isichubue ngozi. Hataza, yaani haki ya kumiliki ubunifu wao, waliipata 1979. Mishono nje! Miaka kumi na minne nageuza mishono ndani kwa sababu nilifundishwa kwamba nguo nzuri haionyeshi mishono, na sikuwahi kufikiria kwamba ngozi ya mtu anayetoka jasho haijali nguo inaonekanaje.

Basi nikalala nikijua mengi, na Mama Pacha bado hayupo.

Aliyenitoa kwenye tope ni shangazi yangu wa Newala. Shangazi ni nyakanga, mwalimu wa unyago, amecheza wali wengi kuliko anavyokumbuka. Ya unyagoni hayaandikwi na mimi sitayaandika, lakini namna yao ya kusema si siri, kila aliyekulia huku anaijua. Nilimpigia kwa jambo jingine kabisa, la mabibo na korosho za urithi, nikajikuta namsimulia.

Akanisikiliza, akaguna. "Sasa wewe ulimwambia yeye?"

"Ndiyo, shangazi. Nilimwambia ukweli."

"Mwali haambiwi 'wewe unanuka', mwanangu. Unaimba wimbo wa mtu aliyepita kisimani asioge. Wote wanaitikia. Mwenye harufu anajijua, na anaitikia na wenzake." Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na la kwako umelisema? Au wewe huna kifua?"

Nikaelewa nusu. Nusu ya pili ilikuja kunifika baadaye.

Jumamosi iliyofuata, baada ya kunyoosha viungo, nilianza kusimulia habari zangu mwenyewe. Sikumtazama mtu. Nikasimulia nilivyoanza kukimbia na sidiria mbili, moja juu ya nyingine, nikijiona mjanja, mpaka harara ikanitoka chini ya matiti nikawa nalala bila nguo wiki nzima. Nikasimulia nilivyokuwa naweka noti ya elfu kumi na simu humo humo, noti inatoka imelowa kama kitambaa cha kudekia. Wanaume tulikuwa tumewatanguliza, kiongozi wetu ana akili, alisema wanaume twendeni tukakimbie raundi moja ya nyongeza. (Ninyi makocha wa kiume mnaosoma hapa, mfano mzuri ni huo. Na mkilazimika kusema, sema kwa wote na uchanganye: viatu, soksi, maji, sidiria. Ikikaa katikati ya soksi na maji haimchomi mtu.) Wanawake wakaanza kucheka, kicheko cha aina nyingine safari hii, kila mmoja akatoa la kwake. Mstaafu wetu akafichua kwamba yeye hujifunga kanga kifuani chini ya fulana, ameanza hivyo tangu enzi za mchakamchaka wa shuleni.

Wiki ile walikuja kibandani wanawake watatu, mmoja mmoja, kila mmoja na kisingizio chake. Mmoja alileta sketi ya kubadilisha zipu, zipu yenyewe nzima. Wa pili alipita tu kusalimia, akasalimia dakika arobaini. Siku ya Alhamisi, jua limeanza kulala, akaja Mama Pacha na kaptula mbili za shule za wale pacha zimeachia mshono nyuma. Nikazishona pale pale. Nikamwambia, "Dada, siku ile nilikukosea. Nisamehe." Akasema yameshapita. Hakuonyesha kama yamepita, lakini hakuondoka. Alikuwa anatazama pazia.

Nilipitisha futi mara mbili. Ya kwanza chini ya matiti, juu ya mbavu, futi ikiwa mlalo sawasawa mbele na nyuma, imebana kidogo, mtu akiwa ametoa pumzi. Ikasoma 34. Ya pili penye ujazo zaidi, bila kubana: 38. Hesabu ya sidiria ni kutoa tu. Tofauti ya inchi moja ni A, mbili B, tatu C, nne D. Kwa hiyo 34D, angalau kwa kuanzia, maana viwanda havifanani. Aliyokuwa amevaa ilikuwa 38B.

"D?" akashtuka. "Si ya wale wenye maziwa makubwa?"

Wengi wanadhani hivyo, kwamba herufi ni ukubwa. Herufi peke yake haisemi kitu mpaka uione na namba. Kikombe cha 38B, cha 36C na cha 34D ni cha ujazo uleule. Vikombe vya Mama Pacha vilikuwa sahihi siku zote. Kilichokuwa kimelegea ni mkanda wa mbavuni, kwa inchi nne nzima, na mkanda huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi. Ukilegea, mzigo wote unahamia begani. Nilimwona kwa nyuma: mabega yana mifereji miwili, na mkanda umepanda mgongoni kama upinde.

Nikamuuliza hii 38 aliitoa wapi.

"Kwako," akasema. "Uliponishonea lile gauni la kitenge la harusi, uliandika kifua 38. Nikaenda sokoni nikasema nipeni 38."

Nilitaka pazia liniangukie. Namba ya gauni ni mzunguko wa kifua kizima, ya sidiria ni mzunguko wa mbavu. Ningemwambia siku ile, kwa maneno manne, asingekimbia kakunja mkono. Tangu hapo kwenye daftari langu nimeongeza mstari mmoja, "mbavu", na kila mwanamke ninayempima nampa namba zote mbili, aulize asiulize. Simwambii kwa nini. Akitaka kujua ataniuliza.

Akaniomba nimpunguzie ile ile aliyonayo. Hapa ufundi una mpaka. Mkanda wa nyuma naweza kuukata nusu inchi kila upande nikarudishia kulabu, inakaa. Ukikata inchi mbili kila upande, mikanda ya begani inavutwa kwenda kwapani, sidiria inakuwa imebana na bado haishiki. Ni bora anunue nyingine.

Kununua huku kwetu kuna mitihani yake. Zile zinazouzwa juu ya turubai kama za mazoezi, za rangi rangi, zinaandikwa S, M, L, hazina kikombe, zinabana kifua chote kwa pamoja kama bandeji. Kwa mwenye kifua kidogo zinatosha sana, na bei haiumizi. Kwa Mama Pacha zingesukuma kila kitu katikati, jasho likakaa hapo, tukarudi kwenye harara. Yeye anahitaji yenye vikombe viwili vilivyotenganishwa, mkanda mpana wa chini, kulabu nyuma za kupunguza na kuongeza, na mikanda ya begani yenye upana wa vidole viwili hivi. Kitambaa kiwe cha kukausha jasho. Pamba tunaipenda, lakini pamba ikilowa hubaki imelowa, inakuwa nzito, inasugua. Na za mitumba hapana. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ilishapiga marufuku nguo za ndani za mitumba, ingawa ukizunguka sokoni utaziona zimekaa zinakutazama. Mbali na ngozi na magonjwa, lastiki ya mtu mwingine ilishafanya kazi yake ikastaafu. Uivute mkanda kwenye mwanga: ukiona nyuzi nyeupe za mpira zimechomoza kama mvi, hiyo imekufa.

Mwishowe tuliagiza Kariakoo kwa mdogo wake, akatuma kwa basi sidiria mbili tofauti, 34D na 36C, ili isiyofaa irudi. Zilifika Jumatatu zimefungwa ndani ya mfuko wa unga. Tukazijaribu nyuma ya pazia, naye ndiye aliyekuwa akipima, mimi nilikuwa nauliza tu. Nimejifunza kuuliza. Ukiinua mikono juu, mkanda unapanda? Wa 36C ulipanda, wa 34D ulibaki. Vidole viwili vinapita chini ya mkanda? Vinapita, vitatu havipiti. Kikombe kina mkunjo, au nyama inamwagikia juu au kwapani? Hapana. Imefungwa kwenye kulabu ya nje kabisa? Hiyo ni muhimu ikiwa mpya, maana lastiki italegea kwa muda, na ukianza na ya ndani hutakuwa na pa kukimbilia. Ukivuta pumzi mpaka mwisho, inauma? Haiumi. Mwisho nikamwambia aruke.

"Niruke hapa?"

"Hapa hapa."

Akaruka mara kumi, kibanda kikatikisika, mkasi ukaanguka mezani, muuza ming'oko wa mlango wa pili akauliza kuna nini humo. Mama Pacha akasimama anahema, mikono yote miwili iko chini. Hakusema kitu. Alitazama mikono yake kama aliyekuwa hajui iko wapi siku zote hizo.

Akaniuliza na lile swali ambalo huwa halikosekani: kubanwa huku si ndiko kunakoleta kansa? Nikamwambia nilichokisoma, kwamba watafiti wa Seattle, Marekani, walichapisha mwaka 2014 matokeo yao baada ya kulinganisha wanawake wenye saratani ya matiti na wasio nayo, hawakuona uhusiano na uvaaji wa sidiria. Ukigusa uvimbe ambao haukuwepo kabla, ni hospitali, usije kwa fundi. Kwa anayenyonyesha ndiyo nasema tofauti kidogo: nyonyesha kwanza, kimbia, kisha ivue, usishinde nayo imekubana kutwa, maziwa yataganda kwenye mirija uugue. Wale pacha wameshaanza darasa la tatu, kwa hiyo hilo halikumhusu.

Kufua nilimwelekeza haraka, maana alikuwa na sufuria jikoni. Maji ya baridi, sabuni kidogo, kwa mkono, usiikamue kama dekio, anika kivulini. Jua la Mtwara na chumvi ya jasho ni maadui wawili wa lastiki, na wanafanya kazi pamoja. Jiki usiiguse. Ukipata mbili za kubadilishana, zote zinaishi zaidi. Kama mkanda unasugua siku za joto kali, mafuta ya mgando kidogo chini yake kabla ya kutoka.

Akavaa gauni lake juu, akafungasha ile 36C ya kurudisha, akafungasha kaptula. Nikainama kuokota mkasi. Mkanda wa bega langu ukateleza hadi kwenye kiwiko, nikaurudisha bila kufikiri, kama ninavyoufanya mara hamsini kwa siku.

Mama Pacha alikuwa ameshashika pazia atoke. Akasimama.

"Na wewe, shoga, hiyo ya kwako ya lini?"

Nikaanza kuhesabu. Niliinunua kabla ya msimu wa korosho wa mwaka juzi. Sauti ya shangazi ikanijia yote, na ile nusu niliyokuwa sijaielewa. Nikainua mikono juu, taratibu, na mkanda wa mbavuni ukapanda nayo, bila haya, mpaka juu.

"Ngoja," akasema Mama Pacha, akachukua futi shingoni kwangu. "Nifunge pazia kwanza."